Siku Niliyopimwa Badala ya Mkuyu

Nilipokuwa mtoto nilipimwa na mtu wa serikali badala ya mti. Cheka kwanza, nakusubiri. Ukimaliza kucheka, bisha. Halafu nitakupeleka Lemara, kando ya kijito, nikuoneshe mkuyu wenyewe umesimama mpaka leo, shina lake halijawahi kuguswa na futi ya mtu yeyote. Na mimi huyu hapa, nimesimama vilevile. Wako watu wameshinda kesi mahakamani kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Niliacha shule darasa la sita, nakwambia mapema usije ukanisumbua na mambo ya vitabu. Lakini Arusha nzima hakuna anayeshusha mti katikati ya nyumba mbili kama mimi. Themi wananiita, Njiro wananiita, juzi nilikuwa Maji ya Chai. Ukuta wa jirani hauchubuki, kamba ya nguo haikatiki. Kwa hiyo nikiongea habari za miti na vibali, wewe tulia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa, kila mwenye dirisha akaligeuza duka. Baba yangu aliuza mitumba, na alikuwa ameambukizwa ugonjwa uliokuwa umeshika mji mzima, ugonjwa wa tofali za saruji. Sisi tulikuwa bado tuko kwenye nyumba ya udongo na bati. Chumba cha mwisho alilala bibi yangu, mama yake baba. Waarusha bibi tunamwita Koko. Na juu ya chumba cha Koko kulikuwa na tawi la ule mkuyu, nene kuliko ng'ombe, limeegemea bati kama mlevi aliyeegemea kaunta. Usiku wa upepo lilikuwa linakwaruza, na mama alikuwa halali mpaka asikie Koko anakohoa, ndipo ajue bado yupo.

Baba alitaka mti wote uondoke kabla ya masika. Tatizo ulikuwa umesimama kando ya maji, na mti wa kando ya maji hukati bila kibali, hata kama umeupanda mwenyewe. Jirani yetu alikata wa kwake kimyakimya siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, na Jumatatu maofisa walikuwa mlangoni kwake. Baba hakutaka aibu hiyo. Akaenda ofisini kuomba. Akaambiwa atakuja bwana miti, ataukagua, ataandika ripoti, na wakubwa wataamua kwa kuisoma ripoti.

Koko hakuwa na neno juu ya kibali. Neno lake lilikuwa juu ya futi. Baba aliposema kwamba mti utapimwa, aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi.

"Ukiukata, usipoukata, hayo ni yako," alisema. "Lakini usiupime. Kinachopimwa kimeshaitwa."

Hapa wasomi ndipo mnapotabasamu. Kwetu watu hawahesabu watoto wala ng'ombe kwa sauti. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakuambia wapo, wanakula. Koko alilichukua hilo akalipeleka mbele zaidi: mtu hupimwa mara moja tu maishani, na anayempima ni fundi wa majeneza. Usiniulize kuhusu mafundi cherehani. Nilishamuuliza. Alisema fundi cherehani anapima nguo, hapimi mtu.

Bwana miti akaja na pikipiki. Kijana wa Kipare, mpole, shati limechomekewa, mkoba begani. Alimwamkia Koko shikamoo yake vizuri. Akauzunguka mti, akagonga shina kwa kisogo cha panga, akaweka sikio kwenye gome, akagonga tena. Koko alimwangalia tu. Kugonga hakuna ubaya, hata mlango hugongwa. Lakini kijana alipoingiza mkono kwenye mkoba na kutoa futi, Koko alikwenda akasimama kati yake na mti, fimbo mkononi.

"Bibi, bila kipimo ripoti haiendi."

"Isiende."

"Basi nipime kivuli peke yake. Nikijua kivuli, urefu nitaupata."

"Kivuli ni cha nani?"

Bwana miti akakitazama kile kivuli muda mrefu, nadhani akitafuta mwenyewe mwingine. Hakumpata.

Baba alianza kupandisha sauti. Alisema bila kipimo hakuna ripoti, bila ripoti hakuna kibali, bila kibali tawi litabaki pale pale, na masika yakija litashuka na bati na aliyelala chini ya bati. Koko akamjibu kwamba amelala chini ya tawi hilo tangu alipoolewa, wanajuana. Mama akaondoka kwa kisingizio cha maji. Watu wazima watatu wamekwama kabisa.

Nani akawakwamua? Mimi.

Nilisema mti siwezi kuupima ila naweza kuukumbatia. Nilikuwa na miaka kama kumi na tayari nilikuwa na mdomo huu huu. Koko akafikiri. Kuukumbatia mkuyu hakukuwa na mwiko. Wanawake wa zamani waliukumbatia wakiomba watoto, na baba mwenyewe, kwa maelezo ya Koko, alipatikana hivyo. Akasogea pembeni.

Nikaukumbatia. Pale ncha ya kidole changu ilipoishia bwana miti akaweka alama ya mkaa, nikahamia hapo, nikakumbatia tena, hivyo hivyo mpaka nikarudi nilipoanzia. Kifua kilichubuka, lakini sikulia, andika hilo. Koko akaridhika, akaingia ndani kuangalia chai.

Sasa hebu niambie, wewe uliyesoma. Una idadi ya makumbatio ya mtoto, na ofisini wanataka mita. Utafanya nini? Ndicho alichofanya.

"Lembris, nyoosha mikono," aliniambia.

Nikainyoosha. Akavuta futi kutoka ncha ya kidole hiki, ikapita kifuani, mpaka ncha ya kidole kile. Nilijivuna hadi akaniambia nishushe pumzi. Alikuwa ameinama anaandika, futi bado imenilalia kifuani, Koko akatoka na vikombe.

"Umempima nani?"

Bwana miti aliiachia futi, ikaanguka kwenye majani.

"Nimekukatalia mti," Koko alisema, "umechukua mtoto."

Bwana miti alijaribu kueleza habari ya hesabu, kwamba hakunipima mimi, amepima mikono. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Koko alikuwa anakitazama kifua changu tu. Mwisho yule kijana aliwasha pikipiki akaondoka bila kunywa chai, na kwa haraka aliyokuwa nayo akaisahau futi kwenye majani.

Shuleni niliisimulia kama sifa. Nilidhani watanionea wivu. Rafiki yangu Lomayani alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa sisi tunakuja lini?"

"Wapi?"

"Msibani kwako."

Kuanzia hapo jina langu likawa Marehemu. Marehemu, toa pasi. Mwalimu, Marehemu hajafanya kazi ya nyumbani. Nilicheka nao mchana. Usiku tawi likikwaruza bati nilikuwa najishika mbavu kuangalia kama bado napumua. Mama alinionea huruma akaniongezea chakula, na kwa kuwa nilikula kama mtu anayeaga, tumbo likauma. Tumbo lilipouma nikajua ndiyo imefika. Nikamwambia mama nguo zangu nzuri ampe mdogo wangu, ila viatu hapana.

Mama akampelekea Koko habari. Asubuhi yake Koko akanishika mkono akanipeleka kwenye mkuyu. Akang'oa majani mabichi akanifunga kwenye kifundo cha mkono. Akapiga funda la maziwa, akanipulizia usoni, baraka ya kwetu hiyo. Akaniambia kipimo nimeshaondolewa, niende shule. Nikaenda na majani yangu mkononi, nikamtangazia Lomayani kwamba Marehemu amefufuka na anataka pasi zake zote zirudishwe.

Ripoti ikajibiwa. Mti wenyewe mzima, mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo wa kijito, usikatwe. Tawi ni la hatari kwa nyumba, linaruhusiwa kuondolewa. Wakaja watu na kamba na misumeno, wakalishusha vipande vipande, bati halikupata hata mkunjo. Nilishinda pale nawatazama, na nadhani ndiyo siku niliyoacha shule, ingawa miguu iliendelea kwenda.

Siku hizi wenye nyumba wa Themi wananiita wakitaka mti uondoke, mmoja kwa sababu unaziba dishi la televisheni, mwingine kwa sababu ndege wanachafua gari. Wanataka bwana miti aandike kwamba mti ni mgonjwa. Nawaambia mti mgonjwa unajulikana, ugonge tu. Wakibisha nawasimulia hadithi hii, wanacheka, wananiletea soda, na mimi naishia hapo hapo kwenye pasi za Lomayani.

Kuna kipande huwa nakiruka.

Ile asubuhi, baada ya majani na maziwa, Koko hakuniacha niende moja kwa moja. Alifungua fundo la lubega yake akatoa futi ya bwana miti. Alikuwa ameiokota. Hakujua kuisoma, akaniuliza mimi ilionesha ngapi siku ile, nikamwonesha kwa kidole. Akaegemea mkuyu kwa mgongo, akavua viatu, akakanyaga ncha ya futi kwa kisigino.

"Vuta mpaka kichwani," alisema. "Pima vizuri."

Nikavuta. Nilifurahi, maana nilikuwa napewa kazi ya mtu mzima. Nikamsomea.

"Ipi kubwa, yako au yangu?"

"Yako, Koko."

"Basi itatosha. Baba yako usimwambie."

Akaivingirisha futi, akanipa nimpelekee bwana miti ofisini nikitoka shule, nikaipeleka.

Koko alifariki masika yale yalipokuwa yanaelekea kuisha, chumbani kwake, bati zima juu yake. Hospitali walisema ni kifua, na alikuwa anakohoa tangu mwaka wa nyuma, wote tulimsikia. Mimi na hospitali hatubishani. Alikuwa mzee. Kila mtu msibani alisema alikuwa mzee, na ni kweli.

Fundi wa majeneza alikuja mchana, futi mkononi, akauliza mwili uko wapi. Nikasimama mlangoni nikamwambia asiingie, asimpime tena. Namba ninayo.