Dripu ya Ng'ombe na Kemia ya Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama alikuwa akisema kwamba nikitumwa dukani hurudi nimechoka kama mtu aliyetoka Kisumu kwa miguu. Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na alama yangu ya kemia ilikuwa ile ambayo watu wenye adabu hawaulizi mara ya pili. Baada ya hapo nikatulia kwetu Mutuini, nikawa mlinzi wa kiti kilichokuwa kando ya dirisha la jikoni. Asubuhi za Julai ukungu ulikuwa ukilala juu ya nyasi za nepia za ng'ombe bila haraka yoyote, nami nauangalia, haraka yangu ikiwa ndogo kuliko yake.

Mdogo wangu hakufanana nami hata kwa kivuli. Alitaka udaktari. Mtihani wa kwanza alipita kila kitu vizuri isipokuwa kemia, ambayo alipata B, na kwa B ile mlango wa udaktari haukufunguka. Akaomba kurudia kidato cha nne katika shule ya kutwa upande wa Kangemi. Baba alikubali, ila akasema kwa sauti ya chini iliyotutisha kuliko kelele, "Hii ndiyo ya mwisho." Ng'ombe wetu wa maziwa, waliolipa karo, walikuwa wachache, na sote tulielewa.

Basi nikafanywa mwanafunzi. Mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba usipoweza kumweleza mtu jambo, hujalielewa, na katika boma letu mtu asiye na pa kwenda alikuwa mmoja. Nikichambua maharagwe, yeye ananifundisha moli, ile hesabu iliyonishinda shuleni nikaiacha hukohuko.

"Fikiria trei ya mayai," akaniambia. "Trei moja ya kuku, nyingine ya bata. Idadi ni ngapi?"

"Ni sawa."

"Na uzito?"

"Itategemea kama ni bata wetu ama ni wa jirani."

"Ndio maana ulianguka, siz."

Lakini iliniingia. Moli ni trei: chembe za kaboni zina trei yao, za klorini yao, idadi moja, uzito mbalimbali. Mchana mwingine moshi wa kuni ukipanda polepole hadi kwenye mabati, niliziona kabisa, trei juu ya trei zikielea hewani, na mimi chini yake na sinia la maharagwe, nisijue kama niko macho. Mdogo wangu alikuwa akinipigia makofi mbele ya uso ili nirudi.

Hesabu aliiweza. Kilichomwangusha ni mkono. Katika mtihani wa maabara kuna kazi ya kudondosha asidi ndani ya maji ya alkali yaliyotiwa rangi, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Tone linaloigeuza ndilo la kukomea. Ukilipita, majibu yako yote yanaharibika. Yeye alilipita kila mara. Alikuwa na haraka hata ya kufunga viatu.

Wakati huo ng'ombe mmoja alikuwa amezaa na kuanguka kwa kukosa kalisiamu, na daktari wa mifugo alipomaliza kumtibu akatuachia mpira wa dripu. Mdogo wangu akauosha, akaufunga kwenye chupa ya soda iliyokatwa kitako, akaining'iniza kwenye msumari wa jikoni. Asidi ikawa maji ya limau. Alkali ikawa maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa. Rangi ilitoka kwenye maua mekundu ya uani kwetu, akiyaponda na kuyaloweka. Ndani ya majivu ilikuwa kijani, na limau likizidi inageuka waridi. Mama alipoingia akauliza nani mgonjwa. Mdogo wangu akaninyooshea kidole.

Wiki nzima alitoa waridi kali kama rangi ya mdomo. Siku moja, amekasirika, akanipa kishikizo kinachobana mpira nimshikie huku akipiga hesabu mezani. Nikakifungua kidogo tu, maana kukifungua sana ni kazi, kisha nikazama. Tone likaanguka, nami nikaliangalia. Baadaye lingine. Nje ng'ombe alikuwa akicheua. Mimi sikuwepo.

Niliposikia pumzi karibu na sikio langu, alikuwa amepiga magoti. Alikuja kunigombeza, akasahau. Kila tone lilipogusa maji, waridi lilichanua pale, likapotea. Lililofuata likakawia kidogo kabla ya kupotea. Kisha likakawia zaidi.

"Inapiga hodi kwanza," akasema polepole. "Kumbe huwa inapiga hodi."

Akanitoa kwenye kiti changu. Kuanzia siku hiyo alikikalia yeye.

Mtihani wenyewe ulifika na mvua. Jioni alirudi ameloa, mama akamwuliza ilikuwaje, akatusimulia amesimama mlangoni. Alikuwa ameona rangi inaanza kukawia, akapunguza mkono, akangoja. Msimamizi akamjia, akamgonga begani, akamwuliza kama amelala.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nilimwambia namwiga dada yangu."

Matokeo yalikuja kwa ujumbe wa simu ya baba. Alisoma akiwa ameishika mbali na macho, akaenda nje, akarudi, akasoma tena. Kemia: A. Barua ya udaktari ilichelewa sana, kama ilivyokuwa desturi miaka ile, lakini ilikuja.

Tulikwenda mjini kumnunulia koti jeupe, mimi pia, jambo lililomfanya mama aiangalie mbingu kama kuna dalili nyingine ya kiama. Duka lilikuwa jembamba, makoti yamening'inia hadi kwenye dari, meupe, hayana watu ndani, na nikayatazama mpaka nikapotea. Niliposhtuka muuza duka alikuwa amenivika moja, anafunga vifungo, ananiuliza kama mabega yananitosha, daktari.

"Huyo mvue," mdogo wangu akasema, tayari amenyoosha mkono. "Huyo ndiye mgonjwa wangu."

Akalivaa. Mikono ilimzidi kidogo. Akaikunja bila haraka.