Mheshimiwa Aliyenitafutia Kazi Jeddah Hataki Nirudi Kabla ya Kura

Admin, ukiposti hii toa jina langu na ile picha ya profaili, nakuomba sana. Huku nashika simu madam akilala baada ya chakula cha mchana, kwa hivyo naandika haraka na makosa mtayavumilia.

Nina miaka thelathini na mmoja, Mkenya, mama wa msichana mmoja wa miaka tisa. Nafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Aziziya. Madam wangu si mbaya, nisiseme uongo. Chakula napewa na mshahara unaingia. Shida yangu iko nyumbani Kenya, na ni mheshimiwa wa wadi yetu, MCA, yaani mwakilishi wetu kwenye bunge la kaunti.

Huyu mtu mara ya kwanza aliposimama alianguka vibaya hadi watu wakamcheka sokoni. Mara ya pili akabadilisha chama, akaanguka tena. Mara ya tatu akaja na chama kilichokuwa na upepo, na mimi nikawa ajenti wake kwenye kituo cha kura cha shule ya msingi. Nilikuwa na kiherehere, jameni! Kofia yake, fulana yake, sauti imekauka kwa kuimba. Nilijua akipita, hata mimi nimepita.

Kituo chetu alishindwa. Niliona kura zikihesabiwa kwa macho yangu, nikasaini fomu ya matokeo pamoja na ajenti wa mpinzani wake, kaka mmoja nitamwita Daudi. Kesho yake asubuhi tukaitwa kwa mheshimiwa sote wawili. Chai, mayai, na karani wa kituo ameketi pale anaangalia viatu vyake. Mheshimiwa akatoa fomu nyingine. Kwenye hiyo alikuwa ameshinda. "Ni makosa kidogo ya hesabu tunarekebisha," akasema. "Wekeni sahihi, twendeni." Nikaweka. Daudi naye, aliyeahidiwa kazi, akaweka. Sikuogopa hata kidogo, nilicheka hata, na hilo linanichoma mpaka leo. Alipita kwa kura ambazo hazijazi basi la shule.

Mwezi haukuisha akanitafutia kazi Saudi. Pasipoti, medikali, tiketi, kila kitu yeye. Mama yangu alimwombea kanisani mbele ya watu wote. Daudi akapelekwa Riyadh, kuendesha lori kwenye maghala ya Al-Sulay. Nikasema huyu ndiye kiongozi, hasahau watu wake. Mjinga mimi! Baadaye Daudi akaniambia kwa simu kwamba mpinzani alienda kortini na kesi ikatupwa, kwa sababu mashahidi wa kituo chetu hawakupatikana. "Dada, hao mashahidi ni mimi na wewe," akasema. "Tumefichwa huku." Sikufanya kitu. Kazi nilikuwa nayo, mtoto anakula. Hata mkataba wa kwanza ulipoisha niliongeza mwenyewe.

Sasa uchaguzi unakuja tena na mheshimiwa anataka ubunge. Daudi alimaliza mkataba wake, akaniambia akifika nyumbani atasema yote, potelea mbali. Nilimwambia haya maneno usiyaongee kwa simu, akanicheka. Siku ya kusafiri aliniandikia akiwa uwanja wa ndege wa Riyadh: "Dada, naingia ndege." Hii ni wiki ya tano. Mke wake anasema hajamwona. Simu yake inaita mpaka inakata, kila siku, na hakuna anayeshika. Mnaelewa? Kuna mtu anaichaji.

Juzi madam akaniletea simu yake jikoni. "Yalla, mjomba wako wa Kenya." Mimi sina mjomba. Alikuwa mheshimiwa mwenyewe, sauti tamu kama asali.

"Mamaa, nasikia mkataba unaisha. Nimeongea na ofisi iliyokuleta, kafili wako, huyo mwajiri, yuko tayari kukuongezea miaka miwili. Usiharakishe kurudi, huku siasa imechemka. Na usijali, mtoto nimemshughulikia."

Nikamuuliza mtoto gani.

"Wako," akasema, akacheka kidogo. "Ni msichana mwerevu sana."

Nilimpigia mama saa hiyohiyo. Mama ana furaha! Anasema gari lilikuja, mheshimiwa amempa mtoto ufadhili, amempeleka shule ya bweni. Shule gani, mama? "Ni nzuri, iko mbali. Jina limenitoka, lakini mheshimiwa analijua." Nikamuuliza ameongea na mtoto lini. Akasema wameambiwa simu haziruhusiwi hadi shule zifungwe. Halafu akanigombeza, eti sina shukrani. Sikuweza kumweleza chochote. Yeye ndiye anaongoza akina mama wa kampeni, na hiyo simu aliyoshika alinunuliwa na mheshimiwa.

Jumapili ofisi zikifunguliwa madam anataka jibu. Nikisema naongeza, ikama, kile kibali cha kuishi huku, inafanywa upya, halas, niko huku hadi kura zipite. Nikisema narudi, natua kiwanja kilekile alichokuwa anaenda Daudi. Nimefikiria ubalozi, lakini nitawaambia nini? Kwamba kuna mtu ananisomeshea mtoto bure? Watanipongeza.

Walimu wa shule za bweni, najua mko humu mnasoma. Kuna msichana wa miaka tisa aliyeletwa katikati ya muhula na gari la mwanasiasa, bila mzazi. Anaogopa giza na hasemi akiumwa, mpaka umuulize. Jina lake siwezi kuliandika. Nikiliandika, mheshimiwa atajua ni mimi, na yeye ndiye yuko naye. Nisipoliandika, nanyi mtamjuaje?

Zimebaki siku tatu. Wenzangu, mama mwenzenu ajibu nini Jumapili?