Sauti Yangu Ilimpeleka Mama Kwenye Radi

Jumamosi ya sikukuu, radi ilipopiga nguzo ya jukwaa, mama yangu alikuwa uwanjani, amekaa safu ya mbele kabisa.

Alifuata nini pale? Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilimwambia kutakuwa na jua.

Ila sikumwambia hivyo. Tulieni niwape mkasa mzima, maana mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mimi husoma hali ya hewa kwenye redio moja ndogo. Wasikilizaji wananiita Dada Mawingu. Kazi yenyewe haitajirishi mtu, lakini mtaani ninaheshimika. Mtu akitaka kumwaga zege au kusafiri, ananisikiliza kwanza.

Shabiki wangu namba moja ni mama.

Jamani, mama anaogopa radi, si mchezo! Wingu likiguna tu, anafunika vioo, anachomoa kila kitu ukutani, anajifungia chumbani. Nikimpigia simu kumwambia kesho kukoje, ananikatiza.

"Wee, usinimalizie utamu. Nitakusikia redioni."

Basi, Ijumaa ile taarifa ilikuja mbaya. Ngurumo na radi kuanzia Jumamosi mchana, baridi isiyo ya msimu, na anga lisilotulia mpaka sikukuu iishe. Nikaingia studio, nikairekodi bila kuremba.

"Ndugu msikilizaji, sikukuu hii ni ya kukaa ndani. Viwanja vya wazi, kaa navyo mbali."

Tulirekodi mapema kwa sababu sikukuu ofisi hufungwa na kompyuta hurusha vipindi yenyewe. Aliyenirekodi ni fundi wetu wa mitambo, mwanamke mwenzangu, swahiba wa kufa na kuzikana. Alipojifungua, mimi ndiye niliyemshika mkono. Na mimi nilipoanza kazi, yeye ndiye aliyenifundisha kutulia mbele ya kipaza sauti.

"Umeua, Dada Mawingu!" akaniambia. "Nenda kapumzike. Mimi napanga vipindi, kisha nafunga."

Tukakumbatiana, nikaenda zangu.

Jumamosi nilishinda nyumbani napanga kabati, redio nimezima. Huwa sijisikilizi. Sauti yangu ikitoka redioni inanikera mwenyewe.

Mchana mbingu zikafunguka. Mvua, upepo, baridi ya kutetemesha meno. Nikajifunika blanketi, nikachungulia dirishani, na nikiri tu, nikatabasamu. Si niliwaambia?

Simu ikaita. Alikuwa jirani yake mama.

"Mama yako tumemleta hospitali. Radi imepiga kwenye tamasha, watu wamekanyagana, nyonga imevunjika." Akavuta pumzi. "Na wewe, mwanangu, si ulisema jua litawaka?"

Nikaona huyu kachanganyikiwa. Mama yangu? Tamashani? Siku ya radi?

Nilimkuta wodini, tope limemkaukia kwenye nywele. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ulifuata nini kule?"

"Ulisema jua, mwanangu. Nimekusikia kwa masikio yangu, asubuhi. Ukasema tutoke tukafurahie. Nikajiambia, kama ni yeye kasema, leo na mimi nitoke kama watu."

Akanipapasa shavu.

"Tena nikakuonea huruma. Mafua yamekurudia? Sauti ilikuwa imekukauka."

Mafua?

Sikuwa na mafua. Nilikuwa nayo mwezi uliopita! Hapo hapo nikajua kuna mtu ametoa rekodi yangu mpya na kuweka ya zamani.

Jumapili swahiba wangu akaja hospitali na chupa ya chai. Nilipomweleza, alilia kuliko mimi. Akamshika mama mkono, akampa pole mpaka mama ndiye akaanza kumbembeleza.

Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Ni bosi huyo. Tamasha tulilitangaza wiki nzima, alitaka uwanja ujae. Usimwachie. Mimi niko nyuma yako."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Mtaani huko hakukaliki. Niliyezoea kusalimiwa, sasa nikipita watu wanatema mate. "Mwongo huyo. Karibu atuulie watoto."

Ofisi ilipofunguliwa nikamvaa bosi bila hodi, swahiba wangu yuko nyuma yangu mlangoni kweli.

"Umemvunja mama yangu nyonga kwa ajili ya tamasha!"

Bosi alinitumbulia macho. "Mimi? Nilikuwa nakusubiri wewe unieleze! Hebu sikiliza ulichosema."

Akaiwasha rekodi.

Ilikuwa sauti yangu, imekauka kama mama alivyosema. "Jua litawaka, anga ni shwari, toka nje ufurahie..." Halafu katikati, kikohozi. Nilikimeza, nikaendelea kusoma.

Kikohozi kile nilikijua.

Rekodi ile mwezi uliopita haikurushwa! Siku ile kikohozi kiliniharibia, tukacheka mpaka machozi, tukarekodi upya. Zilizorushwa hutunzwa kwenye kompyuta ya bosi. Hii iliyoharibika, kabla ya sikukuu hakuwahi hata kuisikia. Studio tulikuwa wawili tu, mimi na mtu aliyeniambia, "Hii naifuta."

Nikageuka.

Swahiba wangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Sema si wewe," nikamwambia. "Nidanganye tu, nitakubali."

"Tamasha lilikuwa la kaka yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Kila alichonacho alikiweka pale. Ungetangaza radi asingekuja mtu. Na utabiri si hukosea? Nilijua mvua itapita pembeni."

"Mama yangu hatoki nje bila neno langu. Unalijua hilo. Umelala kwake, umekula kwake."

"Sikujua atakuja, wallahi. Mama yako tangu lini akaenda matamasha?"

Sijui swali hili lilinitoka wapi.

"Na mama yako wewe? Jumamosi alikuwa wapi?"

Akashika kitasa cha mlango.

"Nakuuliza. Tamasha la mwanawe wa kumzaa. Alikaa safu ya ngapi?"

Akafuta machozi kwa kiganja. "Nilimwambia abaki nyumbani."

Kumbe utabiri wangu aliuamini! Nchi nzima hakuna aliyeuamini kama yeye. Akauchukua, akampa mama yake, na wangu akampa jua la mwezi uliopita.

Alifukuzwa kazi. Bosi akaomba radhi hewani, na mtaani salamu zikaanza kurudi moja moja.

Mama sasa yuko nyumbani, anatembelea magongo. Nilimweleza kila kitu. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu, wewe huna kosa."

Jana nikamwambia leo kutakuwa kukavu, nitamtoa nje aote jua. Akanitazama kwa upole, kisha akamgeukia jirani.

"Hebu nitazamie mawingu huko nje."

Nilikwenda jikoni nikalia. Sauti yangu ni ile ile, ila mama hawezi tena kuiegemea.

Nawaachia hili moja, ndugu zangu. Mtu akikuhakikishia kwamba mahali ni salama, usihangaike kumsoma usoni wala kuhesabu miaka mliyojuana. Muulize kwanza mama yake yuko wapi.