Mwaka Tuliofuga Fukusi

Mwalimu wetu wa baiolojia alipotangaza mashindano ya miradi ya sayansi kwa shule za sekondari, nilikuwa kidato cha tatu. Nilinyoosha mkono upesi kwa sababu nilisikia washindi wa mkoa watapanda ndege kwenda Dar es Salaam. Wazo la mradi sikuwa nalo. Mwenye wazo alikuwa msichana niliyekaa naye dawati moja, binti wa Kisukuma kutoka Usevya, aliyekuwa anaishi kwa dada yake, mtaa wa Shanwe, ili asome Mpanda mjini. Alisema bibi yake huchanganya mahindi ya ghalani na majivu ya pumba za mpunga, na fukusi hawayagusi.

"Tupime kama ni kweli," aliniambia.

Mimi nilitaka mradi wenye nyaya na taa zinazowaka. Lakini nyaya hatukuwa nazo, na mahindi yalikuwepo: mama yangu alikuwa na duka la nafaka mtaa wa Kawajense. Tukamwomba kilo sita.

"Mnataka mahindi yangu mkawape wadudu?" aliuliza mama.

"Ni sayansi, mama," nilisema.

"Sayansi ya kulisha fukusi. Haya, chukueni yale ya mwisho wa gunia."

Tulitafuta ndoo sita ndogo za plastiki, kila moja tukaweka kilo moja ya mahindi na fukusi ishirini, tukafunga juu kwa kitambaa chepesi ili wapumue wasitoke. Ndoo mbili zilikuwa na majivu ya pumba, mbili majivu ya kuni, na mbili hazikuwa na majivu. Tulizipanga kwenye stoo nyuma ya duka. Kila Jumamosi rafiki yangu alikuja kwa miguu kutoka Shanwe, tukamwaga kila ndoo kwenye ungo na kuhesabu wazima na wafu.

Wiki ya tatu nilifunga kitambaa kimoja vibaya. Jumatatu niliporudi kutoka shule nilimkuta mama amesimama mlangoni na kikombe cha mchele mkononi, na ndani ya mchele kuna fukusi wanatembea.

"Astaghfirullah! Mteja wangu wa miaka yote kanirudishia hiki mbele ya watu. Nyie mnataka nifunge duka?"

Nililia. Rafiki yangu alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, akapiga goti mbele ya mama, akasema kosa ni letu sote, kisha akaketi chini akaanza kuchambua mchele. Alichambua mpaka adhana ya magharibi. Mama akaenda kumletea chai na kitumbua. Ndoo zikabaki stooni.

Baya zaidi lilikuja wiki ya sita. Tulihesabu mara mbili tukidhani tumekosea. Mahindi ya ndoo zenye majivu ya pumba yalikuwa yametobolewa karibu sawa na ya ndoo zisizo na majivu.

"Bibi kadanganya," nilisema.

"Twende tukamwulize," rafiki yangu alisema. Jumamosi iliyofuata tulipanda basi la asubuhi kwenda Usevya.

Bibi yake tulimkuta anaanua mpunga. Alitusalimia kwa Kisukuma, akatukalisha, akatupa maziwa ya mgando kabla hajatuuliza shida yetu. Mjukuu wake alimweleza yote, macho chini. Bibi alisikiliza, akaomba aone majivu tuliyotumia. Tulikuwa tumebeba kidogo kwenye mfuko. Alimimina kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba.

"Mlichekecha?" aliuliza.

Tulitikisa vichwa.

"Haya ni makaa, wajukuu zangu. Fukusi anapita katikati yake kama ng'ombe njiani. Yachekecheni mpaka yawe kama unga wa muhogo, halafu changanyeni mpaka kila punje iwe nyeupe."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Tulirudi Mpanda na chekeche lake mapajani.

Tulianza upya, tukiwa na wiki sita tu kabla ya mashindano. Safari hii mama ndiye aliyetushangaza. Nilimkuta asubuhi moja ameinama stooni na miwani yake, anachungulia ndoo.

"Hawa wenu wa majivu ya pumba wamekufa wengi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa jikoni mwezi wa Ramadhani.

Siku ya mashindano alifunga duka, akavaa baibui lake jipya, akakaa kiti cha nyuma ukumbini. Tuliliambia jopo la majaji habari yetu kwa Kiingereza tulichokariri, tukaonyesha bango letu na punje zetu. Ndipo jaji mmoja, mwanamke mpole, akauliza kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili: "Mnajuaje kilichowaua si mahali ndoo ilipokaa? Pengine moja ilikuwa karibu na dirisha, kwenye joto."

Kiingereza kilituishia. Hatukuwahi kufikiria dirisha.

"Nilikuwa nazihamisha mimi!" Sauti ilitoka nyuma. Mama alikuwa amesimama. "Kila Jumatatu nikifagia stoo. Ya dirishani naipeleka mlangoni, ya mlangoni naileta dirishani. Zote zimekaa kote."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu wetu alijifunika uso. Jaji naye alitabasamu huku akiandika, akasema safari nyingine tuyaandike hayo wenyewe kwenye daftari.

Tulikuwa wa tatu. Ndege walipanda wavulana wawili waliotengeneza mashine ya kubangua karanga, na ilikuwa nzuri kweli, sikuwaonea wivu zaidi ya siku mbili. Sisi tulipewa vyeti na kamusi moja ya kugawana. Kamusi nilimwachia rafiki yangu.

Sasa yeye anasomea kilimo chuoni Morogoro, na mimi niko dukani na mama. Yeye hupiga simu siku za Jumapili. Nikipokea, tunasalimiana kidogo tu, kisha mama ananyoosha mkono apewe simu, anakwenda nayo uani, na mimi nabaki kupima mchele huku nawasikia wakibishana kuhusu mbegu.