Deo alitutangazia hoki mpaka mechi ya mwisho

Nimeandika na kufuta tangu asubuhi. Deo amefariki. Hata nikiisoma hapa mwenyewe, hainiingii akilini.

Wengi wenu hamkumfahamu. Alikuwa Mkongo wa Uvira, baba wa watoto wawili, dereva wa forklift kwenye ghala ninalofanyia kazi huku Mississauga, jirani na Toronto. Na ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia akitangaza hoki ya barafu kwa Kiswahili.

Hoki aliijulia shelter, makazi ya muda ya wageni wasio na pa kukaa, mwaka wake wa kwanza Toronto. TV ilikuwa moja, na haikuonyesha kingine.

Baada ya Krismasi alituaga, akasema amehamia shift ya asubuhi. Sisi wa jioni hatuwezi kuangalia mechi, basi akaanza kututumia voice note akiwa nyumbani kwake Regent Park, Toronto. Group letu la WhatsApp lina watu tisa. Ikifika break tunaweka simu katikati ya meza, tunasikiliza.

Kile kidude cheusi wanachokipiga kwa fimbo alikiita kisahani. Mchezaji akitolewa kwa kosa: "Amepelekwa jela dakika mbili, akafikirie maisha yake!"

Bao likiingia hakutaja hata mfungaji. Ni kelele tu, "Bandugu! Bandugu! Bandugu!", yaani ndugu zangu kwa Kiswahili cha kwao, mpaka unamsikia mkewe kwa nyuma akisema majirani watakuja.

Timu yetu ya hapa mjini ilikuwa hoi msimu huu. Watu walishakata tamaa. Deo akasema, "Miye nimepiga hesabu. Tukishinda hizi za mwisho, tunaingia playoffs." Playoffs ni mtoano wa kugombea kombe. Na kweli, theluji ikianza kuyeyuka, wakaanza kushinda. Tukaanza kuamini.

Siku moja niliitwa overtime ya asubuhi. Nikambebea Deo chapati mbili. Nimezunguka ghala zima, simwoni. Namuuliza supervisor, ananishangaa: "Deo yuko sick leave tangu Krismasi. Hukujua?"

Nilitoka kazini moja kwa moja hadi Regent Park, na viatu vya kazi mguuni. Wifi Furaha, mkewe, alifungua mlango, akaniona, akaanza kulia kabla sijasalimia.

Deo alikuwa kwenye kochi. Mwili umekwisha, macho yamebaki makubwa. Kansa ya kongosho. Ilishafika kwenye ini.

"Hakuna shift ya asubuhi," nikamwambia.

"Haikuwako, dada."

"Miezi yote hii unatudanganya?"

"Nikisema, ile group itageuka ya maombi. Kila mtu ananitumia mistari ya Biblia. Muniache nitangaze hoki yangu. Msimu ukiisha nitawaambia mwenyewe. Uniapie."

Nikaapa.

Kwa hiyo Baraka, Mama Joy, na wengine wa group mnaosoma hapa: nilijua. Wiki tatu nimekaa nanyi meza moja, nakula nanyi, na nilijua.

Voice note zikaanza kufupika. Dakika moja. Sekunde ishirini. Baraka akasema, "Huyu siku hizi anatangaza kama anaandika telegramu." Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Mara mbili nilimwomba aniruhusu niwaambie. Mara ya pili alikasirika kabisa. "Zimebaki mechi mbili, dada. Mbili tu!"

Ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana. Tukishinda tunaingia, tukifungwa ndiyo basi. Deo alishalazwa hospitali na sauti ilikuwa karibu kukauka. Akanisukumia simu yake kitandani. "Tangaza weye."

Nikabonyeza, nikasema, "Jamani, leo natangaza mimi. Deo ana mafua."

Baraka akajibu hapohapo: "Mwambie anywe tangawizi."

Nilitangaza vibaya, macho kwenye TV ya wodini. Majina ya wachezaji siyajui, upande wetu nilikuwa nauchanganya. Deo kafumba macho, nikikosea anatikisa kidole.

Kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, tulikuwa nyuma mbili kwa moja. Dakika ya mwisho wetu wakamtoa kipa ili waongeze mshambuliaji. Kisahani kikaporwa, kikateleza peke yake kwenye barafu mpaka kwenye goli letu, na hapakuwa na mtu. Tatu, moja.

Nikaachia kidole kwenye simu. Wifi Furaha, upande wa pili wa kitanda, alinikazia macho: usimwambie.

Deo akafumbua macho. "Tumetoka?"

Nikamtazama Furaha.

"Dada. Usinifanyie vile nimewafanyia wale."

"Tumetoka, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Haya. Sasa nitawaambia."

Akachukua simu, akaweka kidole pa kurekodi. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, tukasikia pumzi tu. Akaiweka simu kifuani. "Kesho," akasema.

Jumapili hakuweza hata kufungua macho. Jumatatu asubuhi akafariki, Furaha amemshika mkono, mimi niko kwenye treni nikielekea kwake.

Group walipata habari kwa ujumbe wangu wa mistari miwili. Baraka alipiga simu, akauliza kitu kimoja tu: "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Akakata. Hajanisemesha mpaka leo na simlaumu. Angekuja. Wangekaa pamoja hata nusu saa, wakabishana kuhusu kocha wa timu, wakaagana.

Deo, nilikutunzia siri na wenzako wamekosa kukuaga. Nimekasirika na wewe. Nimekumiss mpaka kifua kinauma. Vyote viwili kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Watoto tutawaangalia. Furaha hatabaki peke yake, hilo halina mjadala.

Lala, kaka yangu. Wakiniuliza kwa nini nilinyamaza, nitajibu mwenyewe.