Eda Huhesabiwa kwa Mwezi

Mume wangu alikufa kipindi cha corona, kwa kile ambacho watu wa mtaa walikiita tatizo la kupumua. Hakuna aliyelitaja jina lenyewe, hata mimi. Alizikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali, nami nikaingia eda katika chumba chetu cha Nguvumali. Wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu ili aniendee sokoni.

Dirisha langu lilitazama ua wa jirani. Walikuwa Wakristo, watu wa Maramba, wapangaji. Mke aliuza mihogo ya kukaanga mbele ya shule. Shule zilipofungwa, biashara ikafa. Mume alikuwa utingo wa malori ya Mombasa, na malori yakasimama. Zamani nilisikia ugomvi wao mara mojamoja. Sasa niliusikia kila siku, maana wao walikuwa ndani na mimi nilikuwa ndani.

Adhuhuri moja nilimwona mume akimpiga mkewe kwa mkanda, upande wa chuma. Sikusimuliwa. Mke alipenya kwenye ua wa makuti, akaingia kwangu bila hodi, damu mgongoni.

Mume alimfuata mpaka mlangoni, akasita. Alijua mwanamume wa nje haingii kwa mwanamke aliye edani, na mwenye nyumba wake alikuwa barazani akimtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Namtaka mke wangu."

"Humu huingii, mwanangu. Na yeye hataki kutoka."

Akarudi kwake. Wifi alimkanda yule mwanamke kwa maji ya chumvi, akamwambia aende polisi.

"Nilishakwenda," alisema. "Wakaniuliza nani aliona. Nikataja majirani, kila mmoja akakana. Nikarudi kwake, akanipiga kwa kwenda polisi."

"Safari hii niliona mimi," nikamwambia.

"Lakini wewe hutoki, mama."

Kweli sikuwa natoka. Baadaye mwalimu wa madrasa aliniambia kuwa dharura kama ile ingeniruhusu. Wakati ule sikujua, na nilimwogopa Mungu kuliko nilivyomwogopa yule mwanamume.

Kesho yake alikuja tena. Alisimama nje ya pazia, akapaza sauti ili mtaa usikie.

"Mama, eda yenu si miezi minne na siku kumi? Nimehesabu kwenye kalenda. Jumapili unamaliza. Jumapili nakuja na ndugu zangu, nambeba."

Wifi alinishika mkono. Sisi huhesabu eda kwa mwezi unavyoandama. Yeye alihesabu kwa kalenda ya ukutani, ambayo miezi yake ni mirefu. Eda yangu ilikuwa inaisha Jumatano.

"Ni Jumapili, siyo?" akauliza.

"Si umeshahesabu mwenyewe, baba?" wifi akadakia. "Msomi wewe."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mama."

Yule mwanamke alinitazama. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha, lakini lingekuwa uongo, na uongo juu ya eda ya mume wangu sikuuweza.

"Eda yangu itaisha siku yake," nikasema. "Haitatangulia wala haitachelewa."

"Basi Jumapili."

Sikumjibu. Barazani mwenye nyumba, ambaye alijua hesabu ya mwezi kama mimi, alikohoa, asiseme kitu.

Alipokwenda, wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwacheni na kalenda yake ya duka la mbolea."

Mwenzetu hakucheka. "Na akimuuliza mtu?"

Hilo ndilo lililotukosesha raha. Mtaa mzima ungeweza kumsahihisha: muuza kahawa, mtoto wa chuo cha Kurani, yeyote. Kila aliyepiga hodi tulidhani ameshajua.

Jumatano asubuhi nilioga, nikavaa buibui na barakoa. Wanawake waliotaka kuja kunisomea dua niliwaomba waje jioni. Magoti yalikuwa mazito kwa kukaa. Tulikwenda mimi na yule mwanamke, naye amejifunika buibui la wifi, mpaka dawati la jinsia la polisi.

"Wewe ni nani wake?" askari wa kike aliniuliza.

"Jirani. Niliona."

Akaandika maelezo yangu, akampa mwenzangu fomu ya kwenda hospitali. Kaka yake, ambaye tulikuwa tumempigia simu, alimchukulia hukohuko hospitalini.

Jumapili mume alikuja na ndugu wawili. Nilifungua mlango mwenyewe.

"Eda imeisha, mama."

"Imeisha tangu Jumatano."

Alichungulia nyuma yangu. Akakiona kitanda, na wifi ameshika mchi wa kinu.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Maelezo yangu yako polisi. Nawe nenda katoe yako."

"Yuko wapi?"

Mwingine angesema hajui.

"Najua alipo," nikasema, "na sikwambii."

Alinisogelea. Mkubwa wa wale ndugu akamvuta shati. "Twende, bwana. Huyu ni mjane." Wakaondoka. Nilibaki nimeshika fremu ya mlango. Nilijua angerudi kuuliza tena, na jibu langu lingekuwa lile lile.