Matandu ya Shangazi Kahindo

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, nyumbani kwetu Bunia kulikuwa na sheria moja iliyohusu wali. Msichana asile matandu, yaani ule ukoko unaoshika chini ya sufuria. Akila, siku ya ndoa yake mvua itanyesha. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko. Aliyeivunja kila Jumapili alikuwa binti yake, shangazi yangu Kahindo, aliyekaa nasi tangu familia ihame Butembo kuja kufanya biashara.

Jumapili, kwa sababu wali haukuwa chakula cha kila siku. Siku nyingine tulikula bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na hatukulalamika. Mchele ulitoka upande wa Mambasa, kule msituni, na ulikuwa na vijiwe vya kutosha kuvunja jino la mtu asiye mwangalifu. Shangazi aliupepeta, akauchambua, akauosha na kuuacha ujichuje. Kisha alikaanga vitunguu katika mawese mpaka vikawa vya kahawia, akamwaga mchele humo na kuugeuza bila haraka hadi ukaanza kulia kama kokoto. Hapo ndipo alipotia mchuzi wa nyama uliokuwa ukichemka, akafunika kwa jani la mgomba, akaweka kifuniko, na juu ya kifuniko makaa. Hakufunua tena. Mama yangu alikuwa na tabia ya kufunua. Wali wa mama ulikuwa chakula. Wali wa shangazi ulikuwa sababu ya watu wengi kutoka kanisani na kukumbuka kupita kwetu kusalimia.

Akishawapakulia wote, shangazi alibaki jikoni, amesimama, akikwangua sufuria kwa mwiko. Koko aliusikia ule mkwaruzo kutoka barazani.

“Kahindo! Uko unakula tena mu sufuria?”

“Kidogo tu, mama.”

“Siku ya ndoa yako mvula itanyesha. Weye utaona.”

“Inyeshe. Miye si chumvi.”

Tulicheka. Mimi sikuwa na shaka hata kidogo kwamba mvua ingekuja. Nilichojiuliza ni wingu lingejuaje harusi ni ya nani.

Mchumba alipatikana, mwalimu kutoka Nyankunde, wa ukoo uliokaa huko na ng'ombe wake tangu zamani. Mama yake, mjane, hakututaka. Watu wa biashara, alisema, wanajua kuuza, hawajui kukaa. Mwanawe aliposhikilia, alituma neno fupi: “Nitafika siku ya ndoa. Nitakula kwanza chakula yao, kisha nitasema.” Baba mtu alikuwa amekwisha kufa, hivyo neno la mama ndilo ambalo wazee wa ukoo wangelifuata. Bila neno hilo, shangazi angekuwa mke kanisani na mgeni Nyankunde.

Koko ndiye aliyechagua mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, ambapo vumbi la Bunia huingia hata ndani ya kikopo cha chumvi. Hakusema kwa nini amechagua mwezi huo, wala hakuna aliyeuliza.

Bibi harusi hapiki siku yake. Mama alipika uani kwenye sufuria kubwa, mawe matatu chini ya kila moja, na asubuhi yote shangazi, akiwa chumbani anavalishwa gauni, alipaza sauti dirishani, akimwita mama kama dada mkubwa: “Yaya, usifunue!” Mama alinuna, lakini hakufunua.

Mvua ilianza tulipotoka kanisani. Tone la kwanza nililiona likitua kwenye bega la bwana harusi, juu ya abacost yake, lile koti lisilotaka tai ambalo wanaume wa wakati ule walivaa kwa heshima. Halikuwa manyunyu. Tulifika nyumbani tukikimbia, na tukawakuta wanawake wakiingiza sufuria ndani, kuziweka juu ya mbabula, yale majiko ya makaa, maana kuni za uani zilikuwa zimekufa. Watu walimtazama Koko. Yeye alitazama mvua tu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Mwalimu alikuwa amekuja tangu jana yake, lakini mama yake na wazee walikuwa kwenye kamio, yaani lori, iliyoondoka Nyankunde asubuhi. Tulingoja. Wageni waliobanwa na mvua walikaa na njaa, na harufu ya wali ikawatesa. Mwishowe akaingia kijana mmoja na baiskeli iliyojaa tope, akasema barabara imekatika, hakuna gari litakalopita leo. Mama akaamua kupakua. Sahani aliyomwekea mama mkwe pembeni alimpa mchungaji, na sidhani kama kuna mtu angefanya vingine.

Sufuria zilikuwa tupu kamio ilipolia mlangoni.

Mama mkwe aliingia akiwa ameshika viatu mkononi, matope mpaka magotini kwa kushuka kuisukuma kamio, kitenge kimemganda mwilini. Alikuwa mrefu na hakuwa na haraka ya kusalimia. Aliketi mahali alipoonyeshwa, akangoja kula, kama alivyoahidi. Nilimwona mama akijishika kichwa. Niliogopa kweli, kwa mara ya kwanza siku ile. Hata mimi nilielewa kwamba shangazi angeweza kurudishwa bila kuondoka.

Ndipo shangazi aliponyanyuka kwenye kiti chake cha bibi harusi. Akaenda jikoni na gauni lake jeupe. Koko akamfuata, nami nikamfuata Koko.

“Kahindo, hapana. Ile si chakula ya mugeni.”

“Iko nini ingine, mama?”

Wali ulikuwa umekaa muda mrefu juu ya makaa, na matandu yalikuwa mazito kuliko siku zote. Shangazi aliyapitishia mwiko pembeni, polepole, yakabanduka vipande vikubwa, mekundu kwa mawese. Akayaweka kwenye sahani nzuri kuliko zote, akayanyunyizia mchuzi uliobaki, akayapeleka mwenyewe na kupiga magoti.

“Mama, chakula iliisha. Hii ndiyo ilibakia.”

Mama mkwe aliangalia sahani, kisha gauni, ambalo sasa lilikuwa na masizi kifuani. Akachukua kipande. Sote tulikisikia kikivunjika mdomoni mwake. Akatafuna mpaka mwisho, akachukua kingine.

“Na weye, umekula?”

“Bado, mama.”

“Tangu asubui?”

“Bado.”

Akageuka kwa wanawake wetu waliosimama mlangoni. “Mumuletee sahani. Miye sikuli peke yangu.” Akasogea kidogo kwenye benchi. “Ikala hapa.”

Wakagawana matandu. Neno tulilolingoja hakulisema, wala hakuna mtu aliyelidai. Kesho yake, barabara ilipokauka kidogo, alipanda kamio pamoja na mkwe wake.

Kwa miaka mingi niliihifadhi habari hii kama ushahidi wa mvua. Koko alisema itanyesha, ikanyesha, tena wakati wa kiangazi. Hata hivyo nilikula matandu ujana wangu wote, maana hofu ni kitu kimoja na utamu ni kingine. Nami nikaolewa mwezi wa kumi, katikati ya msimu wa mvua, kwa sababu mume wangu hakupata likizo wakati mwingine. Jua liliwaka kutwa nzima. Mchungaji alijifuta jasho kila baada ya mstari.

Koko alikuwa hai bado, macho yake yameanza kufifia. Nilikwenda kumchokoza.

“Koko, nilikula mu sufuria miaka yote. Mbona mvula haikukuya?”

Hakucheka.

“Nani alikuambia niliogopa mvula? Mutoto mwanamuke akizoea kula amesimama mu jikoni, ile inabakia, siku moja hakuna mutu atauliza sahani yake iko wapi. Kama ningesema vile, mungesikia? Lakini mvula, kila mutu anaiogopa siku ya ndoa.”

Kisha akaongeza kwamba yule mama wa Nyankunde, siku ile, aliuliza. Ndiyo maana yeye, Koko, alimwachia mtoto wake aende.

Siku hizi sina uhakika kama mawingu yanajua lolote. Ninachojua ni kwamba nilipokwenda Nyankunde mara ya mwisho, shangazi alipika wali, akawapakulia watu wote, kisha akakwangua sufuria. Bado anakula matandu. Ila anayala kwenye sahani, ameketi.